Mtaa wa Wageni Kando ya Kaburi la Petro

Kila mwaka, katika Jumapili iliyo karibu na sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, tarehe 29 Juni, vikapu hupitishwa makanisani mwetu kwa ajili ya mchango wa Mtakatifu Petro. Mkulima wa kigangoni hutoa alichojaliwa, mama muuza mboga hutoa alichobakiza, na fedha hizo husafiri mpaka Roma. Waamini wengi hudhani kwamba mchango huu ulibuniwa na Roma yenyewe. Sivyo. Ulianzishwa na wageni, watu ambao katika siku zao walihesabiwa kuwa wakazi wa ukingoni mwa dunia, Wakristo wapya waliobatizwa juzi, wenye lugha ambayo Warumi hawakuielewa. Hao ni Waangli na Wasaksoni wa kisiwa cha Britania, mababu wa Waingereza wa leo.

Watu hao hawakutuma fedha tu. Walikwenda wenyewe, wafalme kwa watumishi, wanaume kwa wanawake, na kwa muda wa karne kama tatu hivi walikuwa na mtaa wao kando ya kaburi la Mtume Petro. Habari za mtaa huo zatuhusu sisi tunaoshughulikia haki na amani, maana ndani yake twaona maswali yale yale yanayotusumbua leo: mgeni ana haki gani katika mji usio wake? Nani amlinde njiani? Azikwe wapi? Na sadaka ya maskini, ikishatoka mkononi mwake, ni ya nani?

Waangli wa kwanza ambao mapokeo yanawataja mjini Roma hawakuja kuhiji. Waliletwa sokoni kuuzwa. Beda, mmonaki wa kaskazini mwa Uingereza aliyemaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa mwaka 731, asimulia jinsi Gregori, kabla hajawa Papa, alivyowaona vijana wa taifa hilo wakiuzwa, akauliza habari za nchi yao. Beda mwenyewe alilitoa kama simulizi lililopokewa kwa wazee. Lakini barua ipo pia. Mwezi Septemba 595 Gregori, akiwa sasa ni Papa, alimwandikia padre Candidus, aliyekuwa akienda kusimamia mashamba ya Kanisa huko Gallia, amwagiza anunue kwa mapato ya mashamba hayo vijana Waangli wa miaka 17 au 18, wapate kulelewa katika monasteri. Mwaka uliofuata alimtuma Agostino na wenzake, waliofika Kent mwaka 597. Wasomaji wetu wa Bagamoyo, ambako mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka utumwani, wataielewa habari hii bila kufafanuliwa. Hata hivyo tusiifanye kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa: Gregori aliwanunua vijana, lakini soko hakulifunga.

Haikupita miaka mia moja, na taifa lile lililouzwa sokoni likaanza kupeleka wafalme wake Roma. Caedwalla, mfalme wa Wessex, mtu wa vita na damu nyingi, aliacha ufalme mwaka 688, akasafiri, akabatizwa na Papa Sergio I siku ya mkesha wa Pasaka mwaka 689 na kupewa jina la Petro. Alikufa siku chache baadaye, angali amevaa nguo nyeupe za ubatizo, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Petro. Mrithi wake Ine, baada ya kutawala miaka 37, naye aliondoka mwaka 726 akaenda kufia huko huko. Mapokeo yaliyoandikwa katika karne ya 13 yamtaja Ine kuwa mwanzilishi wa mtaa wa Wasaksoni. Mapokeo mengine yamtaja Offa, mfalme wa Mercia. Wafalme hupenda kusifiwa kwa kazi iliyofanywa na wengi. Sisi twaona yaelekea zaidi kwamba mtaa ulianzishwa na miguu ya mahujaji wasio na jina, waliofika wamechoka, wakahitaji mahali pa kulala, mtu wa kusema nao kwa lugha yao, na padre wa kuwazika.

Na katika hao wasio na jina, wengi walikuwa wanawake. Twajua hivyo kwa sababu ya malalamiko. Mwaka 747 Mtakatifu Bonifasi, yeye mwenyewe Mwingereza, mtume wa Wajerumani, alimwandikia Cuthbert, Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba yafaa sinodi na watawala wawazuie wanawake na watawa wa kike wasiende Roma mara kwa mara, kwa kuwa wengi waliangamia njiani. Akaongeza kwamba ni miji michache tu ya Lombardia na ya nchi za Wafranki isiyokuwa na kahaba wa taifa la Waingereza. Bonifasi aliona aibu kwa ajili ya Kanisa lake, na aibu hiyo twaielewa. Lakini kwa heshima yote kwa mtakatifu huyo, hatuwezi kukubaliana na dawa aliyoitoa. Mwanamke aliyetoka kwao na senti za nauli, akaibiwa, akaugua, akaachwa na msafara katika mji asioujua lugha yake, hakuwa na mlango wa kugonga. Aliyemnunua katika hali hiyo hatajwi popote katika barua. Kufunga njia ni rahisi kuliko kumkamata anayewinda njiani. Hata leo binti zetu wanaokwenda kutafuta kazi za nyumbani ng'ambo wanapopatwa na mabaya, neno la kwanza tunalolisikia ni kwamba wasingekwenda.

Sasa tuufikie mtaa wenyewe. Kwa Kilatini uliitwa Schola Saxonum. Neno hilo schola lisituchanganye: hapa maana yake si shule, ni kundi la watu wa taifa moja lenye uongozi wake, nyumba zake, kanisa lake na jeshi lake dogo. Mjini Roma yalikuwapo makundi manne ya namna hiyo, ya Wasaksoni, Wafrisi, Wafranki na Walombardi. Mwaka 799, Papa Leo III aliporudi mjini baada ya kushambuliwa na maadui zake, makundi hayo ya wageni yalikuwa miongoni mwa waliotoka kumlaki, na kitabu cha maisha ya Mapapa kinayataja. Mtaa wa Wasaksoni ulikuwa kati ya basilika la Mtakatifu Petro na mto Tiber, nje ya kuta za mji wa kale. Mwandishi wa kitabu hicho asema kwamba wenyeji wake waliuita, kwa lugha yao, burgus. Basi eneo zima la mbele ya Vatikani laitwa Borgo mpaka leo. Wageni waliacha neno lao katika kinywa cha mji.

Katika siku za Papa Paskali I, miaka ya 817 hadi 824, moto uliteketeza mtaa huo karibu wote. Mwandishi wa kitabu cha Mapapa asema moto ulitokana na uzembe wa Waingereza fulani. Huenda ni kweli, maana nyumba zilikuwa za mbao. Huenda pia ni lawama ile ya kawaida inayomwangukia mgeni kila panapotokea hasara. Lakini mwandishi huyo huyo aeleza alivyofanya Papa: aliposikia, alitoka usiku bila viatu, akakaa hapo mpaka asubuhi, kisha akawapa watu waliounguliwa dhahabu na fedha, nguo, chakula, na mbao za kujengea upya. Hakuwafanyia uchunguzi kwanza ili ajue nani aliyewasha. Mtaa uliungua tena mwaka 847, na moto huo wa pili ndio uliochorwa na Raphael katika chumba kimoja cha jumba la Vatikani kati ya mwaka 1514 na 1517. Watalii husimama mbele ya picha ile na kusifu mchoro. Ni wachache wanaoambiwa kwamba nyumba zinazoungua pale ni nyumba za wageni.

Wahenga wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Warumi waliwapa mkuki. Mwaka 846 maharamia Waarabu walipofika mlangoni mwa mto Tiber, waliotumwa kulinda bandari ya Porto walikuwa Wasaksoni, Wafrisi na Wafranki wa makundi yale ya wageni. Walishindwa, na wengi wakauawa. Adui akapanda mto, akaliteka nyara kanisa la Mtakatifu Petro, kwa kuwa lilikuwa nje ya kuta pamoja na mitaa ya wageni. Baada ya msiba huo Papa Leo IV alijenga ukuta mpya, kati ya mwaka 848 na 852, uliozunguka basilika na Borgo, na mlango mmoja mdogo wa ukuta huo ukaitwa mlango wa Wasaksoni. Hatuna budi kuliona jambo hili vema. Kwa muda mrefu wageni waliishi nje ya ulinzi wa mji, na damu yao ikamwagika kwanza. Waliingizwa ndani ya ukuta baadaye.

Kutoka hapo mtaa ukawa pia kimbilio. Mwaka 874 Burgred, mfalme wa Mercia, alifukuzwa na Wadenmark akiwa ametawala miaka 22. Alikwenda Roma, akaishi huko, akafa, na kumbukumbu za Kiingereza zasema alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria katika mtaa wa Waingereza. Mfalme yule aliyekuwa na majumba alizikwa kama mkimbizi kati ya mahujaji wa nchi yake. Kaburi si jambo dogo. Sisi Waafrika twajua uchungu wa mtu kufia ugenini na maiti yake kukosa wa kuipokea. Na alikuwapo mfalme mwingine, Alfred wa Wessex, aliyepelekwa Roma akiwa bado mtoto mwaka 853, ambaye baadaye alimwomba Papa Marinus I awaondolee watu wa mtaa ule kodi na ushuru. Papa akakubali. Ombi la Alfred halikuwa la kutafuta heshima. Alitaka mzigo upungue mabegani mwa watu wa kawaida walio mbali na kwao.

Hata kuifikia Roma ilikuwa taabu, na hapa watawala walijadiliana kama wanavyojadiliana mabalozi leo. Mwaka 796 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, alimwandikia Offa kwamba mahujaji waendao kwa Mitume wapite kwa amani pasipo kutozwa, lakini wafanyabiashara wanaojificha katika nguo za mahujaji walipe ushuru mahali palipopangwa. Twaona basi kwamba tatizo la kumtambua mkimbizi wa kweli si la jana. Tofauti ni kwamba Karolo hakusema: kwa kuwa wengine hudanganya, wote wafungiwe. Milimani, kwenye njia za Alpi, hapakuwa na sheria. Mwaka 921 mahujaji wengi Waingereza waliuawa huko kwa mawe na majambazi Waarabu waliokuwa na ngome pwani ya Provence. Mwaka 959 Ælfsige, Askofu Mkuu mteule wa Canterbury, aliyekuwa akienda kupokea paliumu, alikufa kwa baridi njiani.

Barua tunayoipenda kuliko zote ni ya mfalme Cnut, Mdenmark aliyeitawala Uingereza. Alikwenda Roma mwaka 1027, akawapo siku ya Pasaka Konrad II alipovikwa taji la ukaisari, na kutoka huko aliwaandikia watu wake. Aliwaambia kwamba alisema na Kaisari, na mfalme wa Burgundia, na watawala wengine wanaoshika njia, ili watu wake, wafanyabiashara na mahujaji, waende Roma na kurudi kwa haki na usalama zaidi, wasizuiwe kwa vizuizi vingi wala kutozwa ushuru usio wa haki. Na wote wakakubali. Alimlalamikia pia Papa mwenyewe juu ya fedha nyingi mno walizodaiwa maaskofu wakuu wake kila walipokwenda kupokea paliumu. Mfalme aliyekwenda kuhiji kwenye kaburi la Mtume hakuona kwamba ibada yamzuia kuuliza hesabu. Tungalipenda kuishia hapo. Lakini katika barua hiyo hiyo Cnut awaagiza maaskofu na maofisa wake kwamba kabla hajarudi, watu wote wawe wamelipa madeni yao kwa Kanisa, ikiwamo peni ya Mtakatifu Petro, la sivyo watatozwa pasipo huruma.

Basi tuitazame peni hiyo. Mwanzoni ilikuwa sadaka ya mfalme. Offa aliahidi kupeleka mancus 365 kila mwaka, moja kwa kila siku ya mwaka, kwa ajili ya chakula cha maskini na mafuta ya taa za Kanisa. Mancus moja ilikuwa na thamani ya peni 30 za fedha, na sheria moja ya London ya wakati wa mfalme Æthelstan, aliyetawala tangu 924 hadi 939, yakadiria kwamba hiyo ndiyo bei ya ng'ombe dume mmoja. Kondoo alikuwa peni 5. Offa basi alipeleka thamani ya ng'ombe 365. Baadaye mzigo ulitoka mabegani mwa mfalme ukawekwa juu ya jiko la kila nyumba. Sheria ya mfalme Edgar, aliyetawala tangu 959 hadi 975, yasema kwamba peni ya kila jiko ilipwe ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Petro. Asiyelipa siku hiyo aipeleke mwenyewe Roma pamoja na peni 30 zaidi, alete ushahidi kwamba ameitoa, kisha akirudi amlipe mfalme shilingi 120. Kwa deni la peni moja, mkulima alitozwa thamani ya ng'ombe, akapewa safari ya milima yenye majambazi, na faini ya kumfilisi ikamngoja nyumbani.

Mwaka 1883 wachimbaji wa mambo ya kale mjini Roma, katika magofu ya nyumba ya mabikira wa Vesta pale Forum, walikuta akiba ya peni za Kiingereza zaidi ya 800, pamoja na kifungo cha fedha chenye jina la Papa Marinus II, aliyeongoza Kanisa tangu 942 hadi 946. Wataalamu huona kwamba huenda ni sehemu ya sadaka ya Mtakatifu Petro. Zilifichwa chini, hazikutolewa tena, na aliyezificha hakurudi. Kila peni ilitoka katika jiko fulani. Kwa hesabu ile ya London, akiba hiyo ni kondoo 160 na zaidi, ambazo hazikuwalisha maskini wa Roma wala wa Uingereza kwa miaka 900.

Twasema haya bila nia ya kumkatisha mtu tamaa ya kutoa. Haba na haba hujaza kibaba, na Kanisa lisilotoa limekufa. Bunge la Uingereza, chini ya Henry VIII, liliikomesha peni hiyo mwaka 1534. Waamini wa nchi mbalimbali wakaifufua kuanzia mwaka 1860 hivi, mara hii kwa hiari, na Papa Pio IX akaithibitisha kwa waraka wake wa mwaka 1871. Sasa yatoka Dodoma na Kisumu kama ilivyotoka Winchester. Mwezi Desemba 2023 mahakama ya Vatikani ilitoa hukumu katika kesi kubwa iliyohusu, pamoja na mengine, fedha za Sekretarieti ya Nchi zilizowekezwa katika jumba moja la London. Kwa miaka kadhaa waamini duniani kote waliuliza kama sadaka yao ilikuwamo. Wako waliosema kwamba kuuliza hivyo ni utovu wa heshima. Wao na wasome barua ya Cnut. Leo Vatikani hutangaza kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi ya mchango huu. Tume yetu yaona kwamba taarifa hiyo ifafanuliwe kwa Kiswahili na kusomwa parokiani kabla ya kikapu kupitishwa, kama tunavyosoma hesabu za ujenzi wa kigango.

Mtaa wa Wasaksoni wenyewe ulififia baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Mahujaji walipungua, majumba yakachakaa. Hapo likatokea jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Papa Inosenti III hakuuza mahali pale wala hakuwapa jamaa zake. Alianzisha hapo hospitali, na mwaka 1204 akaikabidhi pamoja na kanisa la Mtakatifu Maria kwa Guy wa Montpellier na ndugu zake wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo ni jingine, si lile la Bagamoyo. Mfalme John wa Uingereza aliipa hospitali hiyo kanisa la Writtle huko Essex, mapato yake yawasaidie wagonjwa. Mapokeo, yaliyochorwa baadaye ukutani mwa wodi kuu iliyojengwa na Papa Sixtus IV katika miaka ya 1470, yasema kwamba Papa Inosenti aliguswa na habari za wavuvi waliovua maiti za watoto wachanga katika Tiber. Iwe imetukia hivyo au la, hospitali iliwapokea watoto waliotupwa. Katika ukuta wa nje kuna mahali palipokuwa na gurudumu la mbao: mama alimweka mtoto ndani, akalizungusha, mtoto akaingia, na hakuna aliyeuona uso wa mama. Alizungusha akaenda zake, pasipo kuulizwa kabila, ndoa wala parokia.

Waingereza nao hawakukosa mahali. Mwaka 1362 jumuiya ya walei wao mjini Roma ilinunua nyumba kwa muuza rozari mmoja, John Shepherd, na mkewe Alice, ikawa nyumba ya kuwapokea mahujaji wao maskini na wagonjwa. Nyumba hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa seminari ya Waingereza mwaka 1579. Walei wa leo wanaongoja padre aanzishe kila kitu wangeweza kutafakari juu ya muuza rozari huyo.

Atakayekwenda Borgo leo asitegemee kuona jengo la Wasaksoni. Kanisa lililopo, Santo Spirito in Sassia, lilijengwa upya katika karne ya 16, baada ya jeshi la Kaisari kuuteka na kuupora mji mwaka 1527. Kilichobaki kwao ni jina: Sassia, yaani Saksonia. Na ng'ambo kidogo, kuanzia mwaka 1936, serikali ya Mussolini ilibomoa safu nzima ya nyumba za Borgo ili kufungua barabara pana mbele ya basilika. Ilikamilishwa kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 1950, nayo yaitwa Njia ya Upatanisho. Familia zilizokuwa zikiishi humo zilihamishiwa pembezoni mwa jiji. Tunaposikia maneno hifadhi ya urithi, yafaa tuulize urithi wa nani umehifadhiwa. Mandhari ya basilika yalipatikana. Majirani wa Mtakatifu Petro waliondolewa, wakaenda kuwa wageni katika jiji walimozaliwa.

Hospitali ingali ikiwatibu watu, miaka 800 na zaidi tangu Inosenti. Kanisa la Sassia, tangu mwaka 1994, ni kituo cha ibada ya Huruma ya Mungu, na tarehe 11 Aprili 2021, wakati wa ugonjwa wa UVIKO, Papa Fransisko aliadhimisha hapo Misa pamoja na wafungwa, wakimbizi na wauguzi. Wakimbizi hao walikaa mahali pale pale alipozikwa Burgred.

Kila mwaka vikundi vya mahujaji kutoka majimbo yetu huenda Roma. Huonyeshwa basilika, makatakombu, na maduka ya rozari. Twashauri viongozi wa safari waongeze nusu saa. Kutoka uwanja wa Mtakatifu Petro washuke kuelekea mtoni kwa barabara iitwayo Borgo Santo Spirito, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Kanisa liko upande wa kulia, hospitali yafuata, na gurudumu la watoto liko ukutani nyuma ya chuma, kwenye usawa wa mikono ya mtu aliyebeba mtoto.